Jina Chini ya Jina

Kitabu kilikuwa kimeanza kuachia mgongo, na ndiyo sababu Emery, alipotoka kazini saa kumi na moja na nusu jioni, alipitia sokoni kabla ya kurudi nyumbani. Kutoka kwake, mtaa wa Mudzipela mjini Bunia, hadi pembeni ya soko ambako Kahindo alitandaza vitabu vyake vya mitumba, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ukisalimia watu, kumi na tano. Emery hakupenda kusalimia watu. Alikuwa mtu aliyefika Porto.

Kazi yake ilikuwa kukagua kakao ya ushirika mmoja: kupasua punje, kuinusa, kuitafuna, kusema hii inafaa na hii hapana. Ushirika ulipoalikwa kwenye maonyesho ya ng'ambo, yeye ndiye aliyebeba sampuli. Wenzake wakisafiri walirudi na viatu na simu. Emery alirudi na kitabu kimoja na picha hamsini za duka alikokinunua. Ulikuwa ugonjwa wake. Kila mji alioufikia, kabla hata hajaoga, aliuliza duka la vitabu lililo zuri kuliko yote liko wapi. Kampala alipanda kwenye moja lililojificha juu ya washona nguo, vitabu vikitetemeka kwa cherehani za chini. Istanbul aliinama kuingia katika jingine lililokuwa chini ya ngazi, paka kalala juu ya kamusi na hakuna anayethubutu kumwondoa. Amsterdam alipanda ngazi nyembamba kwa kushika kamba. Porto alikuta kaduka kenye vigae vya bluu hadi darini, na muuzaji akijisomea kwa sauti peke yake kama padri asiye na waumini.

Picha hizo zote ziliwekwa WhatsApp, na Mudzipela yote ililazimika kuziona. Nyuma ya mgongo wake watu walimwita Librairie, yaani duka la vitabu. Mke wake Domitille, mwalimu wa darasa la pili, alikuwa hajavuka Kasenyi, pale ziwani. Kila safari aliahidiwa kwamba ijayo watakwenda wote, na kila safari alimpigia pasi mashati.

Sasa sikiliza kosa lake, maana ni kosa ambalo mtu wa Porto hawezi kulifanya. Emery hakununua vitabu vipya. Alitaka vya zamani, vyenye jina la mwenyewe wa kwanza limeandikwa kwa wino ukurasa wa mbele. Alilipapasa jina hilo kwa kidole, akalinusa, kisha akaandika chini yake jina la binti yake wa pekee: Plamedie. Tabia hiyo aliitoa kwao. Katika familia yao Biblia ya nyumba ndiyo rejista. Mtu akifa, jina lake hubaki, na chini yake huandikwa jina la mtoto atakayemrithi. Mtoto huyo hurithi jina, kiti, hata ugomvi wa marehemu, na watu wazima huanza kumwita baba au mama. Emery mwenyewe aliandikwa chini ya babu yake, na shangazi zake wenye mvi walikuwa bado wanamwita papa. Aliona jambo hilo ni tamu sana. Basi akataka Plamedie naye awe na watu Istanbul, awe na watu Porto. Hakuuliza kama watu hao wanataka kuwa na Plamedie.

Kahindo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alikuwa mjane wa kutoka upande wa Butembo, hana mtoto, hana ndugu mjini, na mdomo wake haukuwa na breki. Yeye kila kitabu kilichofika na jina la mtu ukurasa wa mbele, aliuchana ukurasa huo na kuwashia moto wa makaa. Emery alikuwa akimwita muuaji wa vitabu, mbele ya wateja.

"Mama Kahindo, uko na ile gundi ya kubandika pneu ya pikipiki? Kitabu yangu ya Porto inakufa."

"Leta nione, Librairie."

Alikipokea, akakigeuza, akabonyeza mgongo kwa kidole gumba. Akafungua ukurasa wa mbele.

Mikono yake ikasimama.

"Papa Plamedie... hii jina ya chini, nani aliandika?"

"Njo miye."

"Jina ya mutoto wako?"

"Ndiyo. Ni souvenir."

"Na huyu wa yulu? Unamujua?"

"Nitamujua wapi? Alikufaka zamani. Angalia date."

Kahindo alikifunga kitabu. Alikiweka chini katikati yao, akajifuta mikono kwenye kitenge chake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeshika nyama iliyooza.

"Iko vitabu ngapi ya vile?"

"Quatre. Ine tu."

"Na yote uliandika?"

"Yote."

"Kwenu mukiandika jina chini ya jina ya mufu," alinong'ona, "munakuwa mumefanya nini?"

Emery alicheka. "Mama, ile ni mambo ya famille. Hawa ni watu ya mbali."

"Mufu haombake visa."

Hakutania. Emery alimzoea akitania, na uso huo mwingine hakuupenda.

"Miye ninapasulaka page mbele kitabu haijauzwa," Kahindo alisema, "sababu mufu mwenye hana mutu anatafutaka mutu. Mama mwenye alinifundisha hii kazi aliniambia vile. Lakini kitu yenye weye ulifanya... ile sijaonaka. Rudia kwako. Mbio! Pasula zote ine, choma, mbele giza haijaingia."

"Na gundi?"

"Sigusi ile kitabu tena."

Akaanza kufunika vitabu vyake na turubai, na jua bado lilikuwa halijazama. Emery alikiokota kitabu chake akaondoka bila kuaga. Alikuwa amekasirika. Mtu anatembea dunia nzima, halafu anakuja kufundishwa vitabu na mama anayevitumia kuwashia moto!

Pikipiki zilikuwa zikipita na wasafiri wa mwisho wa soko, vumbi limesimama njiani. Alipokata kona ya kuelekea kwake, kelele zikakatika. Si kwamba zilipungua. Zilikatika. Akasikia viatu vyake mwenyewe. Akasikia pumzi yake mwenyewe.

Kisha ikaja harufu... Karatasi iliyolowa, ikakaukia gizani. Na chini ya hiyo, kitu kitamu kidogo, kama maua yaliyosahauliwa ndani ya maji.

"Mgongo huo niliuvunja mimi," sauti ilisema pembeni yake. "Nilikuwa nakisomea kitandani."

Alikuwa mwanamke mzee, gauni jeusi limefungwa vifungo hadi kooni. Alitembea naye bega kwa bega. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, Kiswahili cha vitabu, kisicho na kwao. Emery alitazama chini. Vumbi lilikuwa linaruka chini ya viatu vyake yeye. Chini ya viatu vya mwanamke yule halikuruka.

Alikibana kitabu kwapani.

"Mama... unatoka wapi?"

"Ulikonitoa."

Akaongeza mwendo. Mwanamke hakuongeza mwendo, wala hakubaki nyuma.

"Usikimbie," alisema kwa upole. "Wenzangu wamekwisha fika. Wako kwako tangu saa tisa."

Domitille alikuwa mlangoni, mikono imekumbatia mabega yake mwenyewe. Alimwona mume wake akija anakimbia, na nyuma yake mzee akija anatembea, na wote wawili wakafika mara moja. Alimvuta Emery kando.

"Wageni yako walifika," alinong'ona. "Watatu. Niliwapa chai, hawakunywa. Miye hawanisemeshi kitu."

"Uliwauliza wanatoka wapi?"

"Mugeni nitamuuliza namna gani mbele hajakula? Nilisema labda ni wale wanunuzi ya cacao." Akatupa jicho ndani. "Emery, walimuita Plamedie kwa jina. Anaikala nao tangu alitoka masomo. Na hawana harufu ya mutu..."

Wiki nzima Plamedie alikuwa akiuliza kila asubuhi, Papa, wageni watafika lini? Emery alidhani anasema binamu zake wa Gety. Sasa aliyakumbuka maneno hayo.

Ndani, taa ya sola ilikuwa imewashwa. Vikombe vitatu mezani, vimejaa, maziwa yameganda utando juu. Kwenye viti walikaa mwanaume mwembamba mwenye koti la ualimu, mama aliyevaa glovu, na mwanaume mkubwa mwenye koti zito la baridi, hapa Bunia. Katikati yao, akiwa bado na yunifomu ya shule, amekaa Plamedie, umri wa miaka minane, mikono juu ya magoti.

Mwanamke wa Porto alipoingia, wale watatu walisimama kwa pamoja.

"Karibu, Papa," Plamedie alisema. "Wageni wamefika."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyetisha. Laiti wangetisha. Mwanamke mzee alinyoosha mkono, akakichukua kitabu kutoka kwapani mwa Emery, akakifungua na kumwonyesha ukurasa.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni... ni wangu. Lakini sikujua."

"Deolinda Fragoso. Huyo ni mimi. Na chini yangu, Plamedie. Mahali pa chini ni pa nani, kwenu?"

Domitille, ambaye naye alilelewa kwenye nyumba yenye Biblia kama hiyo, alijibu bila kutaka.

"Ni pa mrithi," alisema. Kisha akaziba mdomo wake kwa kiganja.

Emery alikimbilia chumbani. Alikumbuka maneno ya Kahindo, na mtu aliyekuwa akiyacheka nusu saa iliyopita sasa aliyashika kwa mikono miwili. Pasula. Choma. Alivuta vitabu vitatu kwenye rafu, akarudi navyo sebuleni. "Leta moto!" alimpigia kelele mke wake, na Domitille akatoka mbio kwenda jikoni uani.

Kitabu cha Kampala. Akauchana ukurasa wa mbele.

Mwanaume mwenye koti la ualimu aliinamisha kichwa kama mtu aliyehudumiwa vizuri, akampita Plamedie, akatoka mlangoni. Akatoka! Emery alipiga kelele ya furaha. Alikuwa amekodoa macho kwenye karatasi mkononi mwake. Kama angeutazama mkono wa yule mtu alipokuwa akimpita mtoto, angeona ulikopita. Hakutazama.

Kitabu cha Istanbul. Krrrk. Mama wa glovu akasimama, akainama kwa Plamedie kana kwamba anamrekebisha kola ya yunifomu, akaondoka.

Kitabu cha Amsterdam. Krrrk. Mwanaume wa koti zito akampangusa mtoto usoni kwa kiganja kizima, taratibu, naye akaondoka.

"Imebaki moja!" Emery alisema, na alikuwa anacheka, jasho linamtoka. "Moja tu, Domitille! Leta huo moto!"

Domitille aliingia na makaa kwenye sahani ya bati. Alisimama.

"Plamedie?"

Mtoto alikuwa ameinua mikono, anapapasa hewa mbele yake. Macho yake yalikuwa wazi na yalitazama taa bila kupepesa. Akafungua kinywa kuita. Kinywa kilifunguka kabisa, shingo ikakakamaa kwa juhudi, na hakuna kilichotoka. Akajaribu kusimama. Miguu haikumjibu, akaporomoka sakafuni kama kitenge kilichodondoka kwenye kamba.

Sahani ya makaa ilianguka. Domitille alikanyaga makaa kwa miguu mitupu ili kumfikia mtoto wake, na hata hakusikia moto.

"Umefanya nini?" Emery alimlilia mwanamke wa Porto. "Umemufanya nini?"

"Mimi sijamfanya kitu. Wewe umegawa." Alisema kama mwalimu anayerudia somo. "Ukurasa ulikuwa umewafunga na mtoto mahali pamoja. Ulipochana, kila mmoja akaondoka na fungu lake. Wa kwanza miguu, wa pili sauti, wa tatu macho."

"Kahindo alisema nipasule!"

"Kahindo huchana kabla mtu hajaandikwa chini. Alikupa dawa ya ugonjwa mwingine. Nia yake ilikuwa njema."

Emery alitazama kitabu mikononi mwa mwanamke yule.

"Na weye... fungu yako?"

"Kilichobaki," alisema. "Pumzi."

Chini sakafuni, kifua cha Plamedie kilikuwa kinapanda na kushuka. Kilipanda. Kikachelewa kushuka. Domitille alikiwekea kiganja, akahesabu kwa midomo.

Emery alipiga magoti. Mtu aliyefika Porto alipiga magoti, akashika pindo la gauni jeusi, na lilikuwa na ubaridi wa ukuta wa kisima. Alilia, akaapa, akaomba kwa jina la Yesu, akaahidi kurudisha kitabu hadi dukani kwa mkono wake. Mwanamke alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa na subira ya kutisha.

"Sikuja kwa sababu ya mtoto," alisema. "Miaka yote hiyo hakuna aliyeandika chini yangu. Nilipoona wino, nikaamka. Ninataka mrithi tu. Kata jina lake, uandike jingine. Awe mtu aliye hai, awe mtu unayemjua kwa uso. Nitaridhika, na mtoto atabaki na pumzi yake."

Akaweka kitabu wazi juu ya meza, kati ya vikombe.

Emery alikuwa na kalamu mfukoni mwa shati, kalamu ya maonyesho ya Amsterdam. Aliitoa. Akakata jina la Plamedie, mstari mmoja, na pale pale kifua cha mtoto kikashuka.

Hapo Domitille aliinua macho. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani. Alimtazama mume wake, na alijua ni jina gani litaandikwa, maana lilikuwepo moja tu la kuandikwa. Alianza kumlilia. Alimsamehe Istanbul na Amsterdam, alimsamehe mashati yote. Alimpenda wakati huo kuliko siku ya harusi yao.

Emery naye alilifikiria jina lake mwenyewe. Nisimnyime haki yake, alilifikiria kweli. Aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Mwezi ujao kulikuwa na maonyesho ya Trieste. Barua ya mwaliko ilikuwa imekwisha fika, na alikuwa ameona picha za kaduka fulani karibu na bandari, kenye viti vya ngozi, ambapo wanakuachia usome hadi jioni bila kununua. Alifikiri Plamedie sasa atahitaji baba. Alifikiri ushirika ungepata wapi mkaguzi mwingine. Woga una maneno mengi mazuri, na yote yalimjia kwa mkupuo. Kisha akamfikiria mtu mmoja, mjane, asiye na mtoto, asiye na ndugu mjini.

Akaandika upesi. Kahindo.

Mwanamke wa Porto aliinama akasoma.

"Unamjua kwa uso?"

"Nimetoka kwake sasa hivi."

"Anajua kusoma?"

"Anauza vitabu."

Kwa mara ya kwanza yule mzee alitabasamu. Alipanga kola yake, akatoka nje, na Emery alimwona kupitia dirishani akishika njia ya soko. Alitembea taratibu. Giza lilikuwa bado halijaingia sawasawa. Mtu mwenye miguu mizuri angeweza kukimbia, akapitia nyuma ya shule, akafika kwa Kahindo kabla yake, akamwambia kimbia.

Emery alifunga mlango kwa kitasa.

"Uliandika nani?" Domitille aliuliza kutoka sakafuni.

"Jina tu. Ya kubuni."

Akakifunga kitabu, akakipeleka rafuni.

Kahindo alikutwa asubuhi juu ya kigoda chake. Turubai lilikuwa limefungwa vizuri, yeye ameegemea ukuta kwa mgongo, kinywa wazi kabisa kama mtu anayetafuta hewa ndani ya moshi. Watu walisema ni moyo. Wengine walisema ni tension, presha ya damu, huyu mama alikuwa anakasirika ovyo. Waliotoka kwao Butembo walikuwa wawili tu, na barabara ilikuwa mbaya, wakafika baada ya mazishi.

Emery alikwenda matanga. Ndiyo, alikwenda! Alikaa kiti cha mbele, akala maharage ya msiba, na wazee walipoomba mtu wa kusema neno, alisimama yeye, maana nani mwingine mtaani alijua habari za vitabu? Alisema marehemu alipenda vitabu kwa namna yake. Watu walifuta machozi.

Domitille alikuwa nyuma na akina mama, Plamedie mgongoni, mtoto wa miaka minane amefungwa kwa kitenge kama wa miezi minane. Jirani wa Kahindo, aitwaye Hélène, alikuwa anasimulia kwa sauti ya chini kwamba jioni ile alimwona bibi mmoja wa nguo nyeusi amesimama mbele ya marehemu.

"Alimuambia, mrithi wangu, nimekuja," Hélène alisema. "Njo maneno niliyosikia. Na Kahindo akasema, miye? Nani aliniandika? Vile tu. Nani aliniandika?"

Domitille akainuka. Alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, akafungua kitabu cha Porto, akasoma. Kisha akakirudisha mahali pake na kupika.

Wiki zikapita. Madaktari waliangalia macho ya Plamedie wakayasifu, waliangalia koo wakaliona zima. Nabii mmoja wa kanisa la karibu alipiga kelele juu yake siku tatu. Mtoto alibaki hivyo, analishwa, anageuzwa, anasikia kila kitu. Alipomsikia baba yake anaingia, alikuwa akigeuza uso ukutani. Hakuna anayejua aliona nini siku ile kabla macho hayajachukuliwa, au aliambiwa nini na wale wageni tangu saa tisa. Hawezi kusema.

Siku moja kabla ya Trieste, Emery alirudi jioni na tiketi yake mkononi. Alikuta sebule imefagiwa. Kitambaa cha sikukuu kilikuwa mezani. Kiti kimoja kimewekwa kutazama mlango. Domitille alivaa kitenge chake cha kanisani, mtoto mgongoni.

"Tunangoja nani?"

Domitille alikuwa ananyoosha kitambaa kwa kiganja. Hakuinua uso.

"Ile siku nilikungojea weye," alisema. "Uliposhika kalamu. Nilikuwa ninakulilia déjà. Nilisema kwa roho yangu, Emery njo bwana yangu, ataandika yake."

"Domitille..."

"Kumbe uliandika mwenye alikuonya."

Alisogea kando, na Emery akakiona kitabu cha Porto mezani, kimefunguliwa ukurasa wa mbele. Jina la mwanamke mzee. Chini yake Plamedie, limekatwa. Chini yake Kahindo, marehemu, asiye na mtoto, asiye na ndugu mjini, asiye na mtu. Na chini ya Kahindo, kwa ule mwandiko wa duara ambao watoto wa darasa la pili hujifunzia herufi, jina la Emery, lote, na la ukoo wake. Wino ulikuwa umekauka.

Alinyoosha mkono kuuchana ukurasa. Mkono ukaganda hewani. Alikumbuka kuchana kunafanya nini. Akajipapasa mfukoni, akavuta droo, akamwaga mkoba wa shule wa Plamedie sakafuni. Madaftari, rula, kifutio.

"Kalamu iko wapi? Domitille! Kalamu!"

"Zote niliangusha mu choo," alisema. "Na ya masomo pia."

Huko nje, kelele za pikipiki zikakatika.

Emery alianza kulia, na harufu ikaingia chini ya mlango: karatasi iliyolowa, na safari hii, moshi wa makaa. Plamedie, mgongoni mwa mama yake, aligeuza uso wake kutoka kwenye bega la kushoto hadi la kulia ili asikie vizuri.

"Hodi," sauti ilisema.

Domitille alifungua.

"Karibu, mama," alisema. "Mrithi wako iko ndani."